Nauli Bila Maabara: Uhakiki wa Ufadhili wa Safari za Wanasayansi Vijana

Utangulizi

Mwezi Julai 2024 wanasayansi wa vichocheo kutoka pande nyingi za dunia walikusanyika katika mji wa Lyon, Ufaransa, kwa mkutano wao mkuu wa kimataifa. Mkutano huo ulianza Philadelphia, Marekani, mwaka 1956, na kwa kawaida hufanyika kila baada ya miaka minne. Umekwisha kufanyika Paris, Amsterdam, Moscow, London, Tokyo, Berlin, Calgary, Budapest, Baltimore, Granada, Seoul, Munich na Beijing. Tangu mwaka 1956 hadi mwaka 2024 haukufanyika hata mara moja katika ardhi ya Afrika.

Kwa hiyo kijana wa Kiafrika anayetaka kusikiwa na wenzake wa fani hii hana budi kusafiri, na safari inahitaji fedha. Hapo ndipo linapozaliwa swali la ufadhili wa nauli. Miongoni mwa wanafunzi wetu wa kemia swali hilo limekuwa la kwanza, na kwa wengine limekuwa la pekee: nani atalipa tiketi? Likipata jibu, watu hupumua na kudhani kwamba kazi imekwisha.

Shabaha ya makala haya ni kuihakiki fikra hiyo, yaani fikra kwamba mwanasayansi kijana akilipiwa nauli ya kwenda mkutanoni, basi sayansi ya nchi yake imesaidiwa. Sisi tunasema kwamba hiyo ni nusu ya ukweli, na nusu ya ukweli ikichukuliwa kuwa ukweli mzima huleta upotofu katika vitendo. Tusieleweke vibaya. Hatuandiki kupinga safari. Tunaandika kuuliza safari hiyo inaanzia wapi, inamrudisha mtu wapi, na akirudi anakuta nini.

Kichocheo ni kitu gani?

Kabla ya kuendelea ni lazima tuelewane juu ya fani yenyewe, kwa sababu kada hawezi kuhakiki jambo asilolijua. Mama anayepika nyama ngumu ya ng'ombe huipaka papai bichi, akaiacha kwa muda, kisha akaibandika jikoni. Nyama inalainika upesi. Ndani ya utomvu wa papai mna kitu kinachoharakisha kuvunjika kwa nyuzi za nyama, na chenyewe hakimaliziki katika kazi hiyo. Kitu cha namna hiyo ndicho wataalamu wanachokiita kichocheo. Mwanakemia wa Sweden, Berzelius, ndiye aliyeipa hali hiyo jina la kitaalamu mwaka 1835.

Sifa za kichocheo zinazotuhusu ni mbili. Kwanza, huharakisha mabadiliko bila chenyewe kuliwa na mabadiliko hayo. Pili, hakiwezi kuleta badiliko ambalo asili ya vitu vyenyewe hailiruhusu, wala hakiwezi kuzalisha chochote pasipo malighafi. Ukipaka papai sufuria tupu, hupati nyama laini. Tunawaomba wasomaji waishike sifa hii ya pili, maana tutairudia.

Vichocheo si mchezo wa maabara. Petroli inayoendesha malori yetu, plastiki ya ndoo zetu na asidi za viwandani hutengenezwa kwa msaada wake. Mkulima wa Mbozi anaponunua mfuko wa urea, kwa kweli ananunua kazi ya vichocheo. Gesi asilia na mvuke wa maji hupitishwa juu ya nikeli ili kupata haidrojeni. Haidrojeni hiyo huchanganywa na naitrojeni ya hewani juu ya chuma ili kupata amonia. Na amonia ndiyo chanzo cha urea. Katika nchi yetu gesi ya Songo Songo imekuwa ikitoka tangu mwaka 2004, na nikeli iko chini ya ardhi ya Kabanga, wilayani Ngara. Hata hivyo sehemu kubwa ya mbolea ya viwandani tunaiagiza kutoka nje.

Hali ya bara zima ni hiyo hiyo. Afrika Kusini peke yake hutoa zaidi ya nusu ya platinamu yote inayochimbwa duniani kwa mwaka. Kongo hutoa zaidi ya nusu ya kobalti. Metali hizi mbili ni miongoni mwa nguzo za sayansi ya vichocheo. Kwa maneno mengine, katika kumbi ambamo kijana wa Kiafrika anatafutiwa nauli ya kuingia, metali za bara lake zilikwisha kuingia zamani, na hazikuombewa viza na mtu.

Safari ya siku mbili iliyozaa matunda

Wanaotetea ufadhili wa nauli husema kwamba sayansi haikui bila watu kukutana. Wanasema kweli, na historia ya amonia yenyewe ni ushahidi. Mwezi Julai 1909 kampuni ya kemikali ya BASF, yenye makao yake Ludwigshafen, Ujerumani, iliwatuma watu wake kwenda Karlsruhe kumtazama Fritz Haber akitengeneza amonia kwa mtambo mdogo wenye shinikizo kubwa. Miongoni mwao walikuwamo Carl Bosch na Alwin Mittasch. Mtambo uliharibika wakati ukitayarishwa, na Bosch akalazimika kuondoka kabla haujatengemaa. Mittasch alibaki. Ulipofanya kazi, aliiona amonia kwa macho yake, akaamini.

Hapa mwanafunzi wa juu juu atasema: "Mnaona? Safari ilitosha!" Lakini tuulize Mittasch alirudi wapi. Alirudi kwenye maabara yenye mafundi, vyuma, gesi na fedha. Huko yeye na wenzake walifanya majaribio maelfu kwa maelfu ya michanganyiko mbalimbali, mpaka wakagundua kwamba sampuli ya mawe ya chuma kutoka Sweden ilifanya kazi vizuri kuliko chuma kilichosafishwa, kwa sababu ya vitu vingine vilivyochanganyika ndani yake. Mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kilianza kutoa amonia. Mwendo kutoka Karlsruhe hadi Ludwigshafen si mrefu hata kidogo, na nauli yake ilikuwa ndogo. Kilichoipa nauli hiyo thamani ni kile kilichokuwa kikiisubiri mwisho wa safari.

Lau Mittasch angerudi kwenye chumba chenye meza na kabati tupu, safari ile ingebaki kuwa hadithi ya kusimulia jioni.

Nauli moja, matokeo mawili

Tuchukue sasa mfano wa ufadhili wenyewe. Amerika ya Kaskazini wanasayansi wa fani hii wana chama chao, North American Catalysis Society. Chama hicho hutoa tuzo za safari zinazoitwa Kokes, kwa kumbukumbu ya Richard Kokes, mwanakemia wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Wanafunzi wa vyuo vikuu vya huko wanaokwenda kuwasilisha kazi zao katika mkutano wa chama husaidiwa sehemu ya gharama za usafiri, malazi na ada ya kujiandikisha. Huo ni utaratibu mzuri. Mwanafunzi anatoka katika maabara inayofanya kazi, anakwenda kusema alichokipata, anaulizwa, anakosolewa, kisha anarudi katika maabara ile ile na kulirekebisha jaribio lake juma linalofuata. Kwake yeye nauli ndiyo iliyokuwa imepungua. Akiipata, mzunguko umekamilika.

Tutazame upande wa pili. Kijana mmoja, mwalimu msaidizi wa kemia, alipita katika semina yetu ya elimu ya siasa. Alikuwa akikusanya maganda ya mayai kwa wauza chipsi wa mtaani kwake, anayachoma katika tanuri, na unga mweupe unaopatikana anautumia kama kichocheo cha kugeuza mafuta ya mbono kuwa mafuta ya kuendeshea injini za dizeli. Kazi hiyo ilikuwa na akili ndani yake, kwa kuwa ilianza na taka za wananchi na ikalenga mahitaji ya wananchi. Muhtasari wake ulikubaliwa katika mkutano mmoja wa vichocheo huko Ulaya, naye akapewa ufadhili.

Ufadhili ule ulikuwa wa namna gani? Ada ya mkutano alisamehewa. Malazi alilipiwa nusu. Tiketi alitakiwa ainunue mwenyewe, kisha arudishiwe fedha baada ya kupeleka risiti na vipande vya tiketi. Kwa hiyo mtu wa mshahara mdogo alitakiwa kwanza aikopeshe taasisi tajiri, ndipo taasisi hiyo imsaidie. Alikopa kwenye chama cha akiba na mikopo, na kaka yake akauza ng'ombe. Fedha zilirudi baada ya miezi mitano, na riba ya mkopo hakurudishiwa na mtu. Tuongeze kwamba tangu Juni 2024 ada ya viza ya nchi za Schengen ni yuro 90, na ombi likikataliwa mwombaji harudishiwi kitu.

Alifika, akabandika bango lake, akasimama mbele yake. Wageni walipendezwa. Kisha mmoja akamwuliza swali ambalo katika fani hii ni kama kumwuliza mkulima ukubwa wa shamba lake: eneo la uso wa kichocheo chako ni mita za mraba ngapi kwa gramu? Kijana hakuwa na tarakimu. Mtambo wa kupimia jambo hilo ulikuwako chuoni kwake, lakini pampu yake ilikuwa imekufa tangu mwaka uliotangulia, na naitrojeni ya kimiminika haikuwa ikipatikana kwa uhakika. Mgeni yule alikuwa mtu mwema. Alisema: nipe sampuli, nitakupimia. Baadaye akasema: njoo kwetu usome shahada ya udaktari.

Kijana alikwenda. Leo anafanya utafiti wa vichocheo vya kobalti katika maabara yenye kila kitu. Tanuri lake huku nyumbani limefunikwa turubai, na wauza chipsi wanatupa maganda yao jalalani kama zamani.

Sisi hatumlaumu kijana huyo. Wala hatumlaumu mgeni aliyemkaribisha. Tunachosema ni kwamba nauli ilifanya kazi yake barabara kama kichocheo: iliharakisha badiliko ambalo hali halisi ilikuwa ikilisukuma. Penye maabara hai, nauli huharakisha utafiti. Penye maabara iliyokufa, nauli huharakisha kuondoka. Mfadhili anadhani ametoa kitu kimoja kwa watu wawili, kumbe ametoa vitu viwili visivyofanana.

Upotofu wa aina mbili

Kutokana na mifano hiyo tunaona upotofu wa aina mbili, na ni wajibu wetu kupambana na yote miwili.

Upotofu wa kwanza ni wa wale wanaoihesabia sayansi kwa idadi ya wasafiri. Taarifa za mwaka huandikwa: tumepeleka vijana kadhaa mikutanoni. Hazisemi wangapi walirudi na kupima kitu ambacho hawakuweza kukipima kabla ya kuondoka. Kuhesabu tiketi ni rahisi. Kuhesabu matokeo ni kazi. Mwenye kupenda rahisi atahesabu tiketi mpaka siku ya mwisho.

Upotofu wa pili ni wa wale wanaosema: basi safari zikomeshwe, fedha zote zinunue mashine. Hawa hujiona wazalendo zaidi, lakini nao hawakutazama hali halisi. Yeyote aliyetembelea maabara za vyuo vya nchi changa ameona mashine za msaada zilizofunikwa vitambaa, kwa sababu aliyefundishwa kuziendesha amehama au kipuri hakijulikani kinaagizwa wapi. Isitoshe, sayansi ya vichocheo ina maarifa mengi yasiyoandikwa. Makala ya kitaalamu husema kichocheo kilitayarishwa kwa kuchanganya na kukausha. Haisemi kwamba mkorogo ukienda kasi mno unaharibika, au kwamba ukikausha kwa pupa chembe zinagandamana. Mambo hayo mtu huambiwa mbele ya bango, na mtu aliyeyafanya kwa mikono yake, dakika tano kabla ya chai. Kumnyima kijana dakika tano hizo ni kumtaka agundue upya kila kosa lililokwisha kugunduliwa na wenzake.

Kwa hiyo ubishi wa "nauli au mashine" ni ubishi wa uongo. Swali la kweli ni la uhusiano baina ya viwili hivyo.

Funzo la Trieste

Uhusiano huo si ndoto. Mwanafizikia wa Pakistani, Abdus Salam, alirudi kwao Lahore mwaka 1951 baada ya masomo Uingereza. Alijikuta mpweke, hana wa kujadiliana naye, na mwaka 1954 aliondoka tena kwenda Cambridge. Jambo hilo lilimuuma maisha yake yote. Alipofanikiwa kuanzisha kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia huko Trieste, Italia, mwaka 1964, aliweka utaratibu wa wanachama washiriki: mwanasayansi wa nchi changa anabaki na kazi yake nyumbani, lakini kwa miaka kadhaa ana haki ya kwenda Trieste mara kwa mara, akae majuma au miezi michache, asome, ajadiliane, kisha arudi. Salam alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, lakini kwetu sisi utaratibu ule si mdogo kuliko tuzo hiyo.

Ubora wake uko wapi? Kwanza, unatambua kwamba upweke wa mwanasayansi ni tatizo la kudumu, kwa hiyo dawa yake haiwezi kuwa safari ya siku tano. Pili, unaifanya kazi ya nyumbani kuwa sharti la kwenda, badala ya kuifanya kuwa kitu cha kuachwa nyuma. Tatu, unamwondolea kijana lazima ya kuchagua baina ya nchi yake na taaluma yake.

Kweli, fizikia ya nadharia inahitaji karatasi na kalamu, na vichocheo vinahitaji tanuri, gesi na umeme usiokatika. Ndiyo sababu mfano wa Trieste peke yake hautoshi kwa mwanakemia. Taasisi ya kimataifa ya sayansi ya Stockholm, iliyoanzishwa mwaka 1972 na kujulikana kwa kifupi kama IFS, ilichukua njia nyingine: kumpa mwanasayansi kijana fedha za kufanyia utafiti katika nchi yake mwenyewe. Ukiziunganisha njia hizi mbili, safari zinazorudiwa na kazi iliyolipiwa nyumbani, unakaribia jibu.

Kujikosoa

Mpaka hapa tumewasema wafadhili wa nje. Tukiishia hapo tutakuwa tumefanya uhakiki wa woga. Sehemu kubwa ya kosa ni yetu.

Mwaka 1964 Mwalimu Nyerere alilifananisha taifa linalosomesha wachache na kijiji chenye njaa kinachompa kijana mmoja chakula chote kilichobaki, ili apate nguvu ya kwenda mbali na kuleta msaada. Asiporudi, ni msaliti. Mfano huo umefundishwa katika vyuo vyetu kwa miaka mingi, na sisi wakufunzi tumeufundisha. Lakini tumezoea kuufundisha nusu. Tumemkazia kijana wajibu wake, na hatukukiuliza kijiji wajibu wake. Je, kijana akirudi na mbegu atakuta jembe? Atakuta shamba limelindwa, au ataambiwa asubiri kikao? Wahenga walisema mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Ni kweli, lakini nahodha mwenye akili huikagua ngama kabla hajamdai baharia arejee humo.

Tutaje makosa yetu bila kificho. Kosa la kwanza: kijana anafanya jaribio miaka miwili, na nafasi ya safari ikija anakwenda mkubwa wake, ambaye akiulizwa swali mbele ya bango hujibu kwamba atawasiliana. Kosa la pili: safari imegeuzwa kuwa njia ya kuongeza kipato. Posho ya siku chache nje ya nchi inazidi kile ambacho mtu anakipata kwa kukaa usiku kucha akilinda tanuri, na watu wakilipwa kwa kuondoka, wataondoka. Wataalamu wa vichocheo wanajua hali inayofanana na hii. Salfa kidogo ikiingia katika gesi huishika nikeli usoni, na nikeli ikiwa bado ipo, haifanyi kazi tena. Wanaiita sumu. Posho isiyo na masharti ni salfa ya utafiti wetu.

Kosa la tatu ni kubwa kuliko yote: mwanasayansi anayerudi hana mahali pa kupeleka alichokileta. Kiwanda cha mbolea cha Tanga, kilichoanza mwanzoni mwa miaka ya 1970, kiliendeshwa kwa kutegemea malighafi kutoka nje, nacho kikafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtambo wa kusafisha mafuta wa TIPER pale Kigamboni, uliofunguliwa mwaka 1966, nao uliacha kazi hiyo. Viwanda kama hivyo ndivyo wateja wa asili wa mwanasayansi wa vichocheo. Tulipovipoteza, hatukupoteza ajira na bidhaa tu. Tulipoteza na maswali. Maana mwanasayansi huishi kwa maswali, na asipoulizwa na kiwanda cha kwao, ataulizwa na kiwanda cha wengine. Ndivyo kijana wa maganda ya mayai alivyoanza kujibu maswali ya kobalti.

Nini kifanyike?

Kwa mujibu wa uchambuzi huu tunapendekeza mambo yafuatayo, na tunawaomba wasomaji wayajadili katika vikundi vyao vya kujisomea.

Kwanza, nauli iandamane na kifaa. Kila ufadhili wa safari uwe na mafungu mawili: moja la kwenda, na moja linalobaki katika maabara kwa vipuri, gesi na kemikali. Mfadhili asiyekubali fungu la pili aulizwe waziwazi anafadhili kitu gani.

Pili, fedha zilipwe kabla ya safari, zikiwa kamili, pamoja na ada ya viza. Utaratibu wa kulipa kwanza na kurudishiwa baadaye unamchagua mwenye ndugu wa kumkopesha. Haumchagui mwenye jaribio bora.

Tatu, aliyefanya jaribio ndiye asafiri. Mkubwa akitaka kwenda, aende kwa kazi yake mwenyewe.

Nne, msafiri atoe taarifa ndani ya mwezi mmoja baada ya kurudi. Asiishie kujaza fomu ya mhasibu. Asimame mbele ya wanafunzi, mafundi wa maabara na watu wa viwandani, aeleze amejifunza njia gani, nani amekubali kumsaidia kupima, na jaribio gani litabadilika kuanzia Jumatatu. Fundi wa maabara asisahauliwe katika kikao hicho, kwa sababu ndiye atakayeligeuza neno kuwa tendo.

Tano, safari moja ya bahati igeuzwe kuwa safari kadhaa za mpango. Ni afadhali vijana watano waende mara tatu kila mmoja, mahali pamoja, kwa kazi moja inayoendelea, kuliko vijana kumi na watano waende mara moja na kupiga picha.

Sita, mkutano usogezwe karibu. Afrika Kusini ina chama cha sayansi ya vichocheo, CATSA, chenye mkutano kila mwaka. Wanakemia wa mazao asilia wa Afrika Mashariki na ya Kati walianzisha mtandao wao, NAPRECA, mwaka 1984, na wamezoea kukutana katika miji ya kanda hii. Ikiwa wenzao wa mimea wameweza, wa vichocheo wanashindwa na nini? Basi la Nairobi, Kampala au Lusaka hulifikia kundi zima la wanafunzi kwa gharama ya tiketi moja ya Ulaya. Lyon ibaki kwa kazi iliyokwisha kukomaa katika mikutano hiyo ya karibu.

Hitimisho

Wapo watakaosema kwamba tumelikuza jambo dogo, kwamba nauli za vijana wachache si suala la nadharia. Tunawajibu hivi. Katika nauli hiyo moja umo uhusiano mzima baina ya nchi zinazochimba na nchi zinazotengeneza. Platinamu, kobalti na nikeli zilikwenda kwanza. Sasa anakwenda kijana anayejua kuzitumia. Zile ziliondoka kwa meli na kuitwa biashara. Huyu anaondoka kwa ndege na kuitwa msaada. Kada asiyeweza kuziona safari hizi mbili kwa pamoja bado hajaanza uchambuzi.

Lakini turudie tulichosema mwanzo: hatupingi safari. Kichocheo ni kitu chema. Mama akiwa na nyama, papai litamsaidia. Kazi yetu ni kuhakikisha kwamba sufuria haiko tupu: tanuri linawaka, pampu inafanya kazi, fundi yupo, na kiwanda kina swali la kuuliza. Siku hiyo kijana akitaka nauli ya kwenda kubandika bango lake, tumlipie upesi na kwa furaha, naye akiulizwa eneo la uso wa kichocheo chake ataitaja tarakimu aliyoipima mwenyewe, nyumbani kwao.

Kwa sasa lipo tanuri moja lililofunikwa turubai. Tunashauri lianze hilo. Pampu mpya haizidi bei ya tiketi chache za ndege, na maganda ya mayai yanapatikana kila jioni.